Vidoti Vyekundu vya Madamu Solanje

Wiki mbili zilizopita walikuja mafundi kupaka rangi ngazi za jengo letu hapa Randburg, Afrika Kusini. Nilifungua mlango asubuhi nikiwa na kikombe cha chai mkononi, harufu ya tapentaini ikanipiga usoni, na mimi, mwanamke mzima mwenye watoto wawili na funguo za ofisi, nikarudi ndani nikaketi kitandani na viatu vyangu. Mume wangu akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia rangi inanipa kichefuchefu. Sikumwambia kwamba kinachonipa kichefuchefu ni aibu, na kwamba aibu hiyo ni ya zamani kuliko ndoa yetu.

Ninaandika kwa Kiswahili, ingawa Kiswahili nilichokulia kilikuwa cha Uvira, kimechanganyika na Kifaransa cha mama na Kizulu cha uwanja wa shule. Kimenyooshwa na mume wangu, mtu wa Tanga, ambaye hunisahihisha hata tukigombana. Wenzangu waliokulia Bertrams, mtaa wa wageni wa mji huu huu, miaka ile watanielewa hata nikipinda.

Tulikaa chumba kimoja cha uani, mama na mimi. Baba tulimwacha Uvira, kaburini. Mama alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa chini ya dirisha pekee tulilokuwa nalo, kwa hiyo mwanga wote wa nyumba ulikuwa wa wateja. Siku za mechi kelele za uwanja zilikuja mpaka kwenye sufuria zetu. Hatua chache kutoka kwetu, pale kwenye robot, yaani taa za barabarani, palikuwa na jengo lililowahi kuwa la kuoka mikate, na mlango wa chuma wa tanuri ulikuwa bado ukutani. Humo ndimo Madamu Solanje alimofungua nyumba yake ya picha. Yeye aliiita galari. Sisi watoto tuliiita kwa mikate, na tulisikitika kwamba hakuna mikate.

Alikuwa mwanamke mweusi, mrefu, mwenye mvi alizozifunga kitambaa, na rangi haikumtoka kwenye kucha wala harufu ya tapentaini kwenye nguo. Sisi watoto alitutatiza. Alisema Kifaransa lakini hakujua Lingala. Alikuwa mweusi kutushinda lakini ukimuuliza kabila anacheka. Mama alinieleza kwamba kwao ni Martiniki, kisiwa kilicho mbali sana, na kwamba babu za babu zake walichukuliwa kutoka Afrika kwa nguvu. Nikaelewa kwamba Madamu alikuwa amepotea na sasa amerudi. Nilimhurumia, kwa sababu alirudi akakuta hakuna aliyekuwa anamsubiri.

Urafiki wake na mama ulianzia kwenye sufuria. Alileta aproni ishonwe, akasimama mlangoni akinusa.

"Mama Faida, hiyo ni samaki gani?"

"Makayabu," mama akasema, kwa haya kidogo. "Samaki ya chumvi. Ya maskini."

"Hata kwetu ni ya maskini. Tunaiponda na unga, tunaikaanga."

Kesho yake akaja na sahani ya vitumbua vya makayabu, vyenye pilipili iliyonitoa machozi, na mama akacheka kwa sauti ambayo sikuijua. Nilikuwa na miaka tisa na sikuwa nimewahi kumsikia mama yangu akicheka mpaka akashika meza. Tangu siku hiyo walikuwa na mazungumzo yao, Kifaransa kitupu, mmoja anashona na mwingine amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Walidhani sisikii. Nilisikia kila kitu, maana mtoto wa chumba kimoja hana mahali pengine pa kuweka masikio.

Hivyo ndivyo nilivyoyajua maisha yake. Mama yake alifua mashuka ya hoteli. Yeye, akiwa msichana mdogo, alianza kwa kuandika vibao vya maduka, jina la mwenye duka na chupa pembeni, na watu wa mji wakamsifu kwa chupa. Shangazi yake aliyekuwa akifanya kazi hospitalini Paris akamwita. Kule alisoma kuchora kwa masomo ya jioni na mchana alifagia. Alipoanza kuuza picha, wazungu walimtaka achore minazi na bahari, kwa sababu ametoka kisiwani. Akachora minazi miaka minane. Alisema ameuza minazi mingi kuliko iliyoota Martiniki. Halafu akakutana na mwanamume wa Afrika Kusini aliyekuwa uhamishoni, naye akamwambia, siku nikirudi kwetu utakuja nami, kule utachora watu. Walikuja. Mwanamume yule akafariki ghafla, ndugu zake wakachukua nyumba, na Madamu akabaki na brashi zake katika mji ambao hakuuchagua.

Kwenye galari kubwa za kaskazini walimwambia uchoraji wake ni mzuri ila sura za wageni hazina soko. Ndipo akakodi jengo la mikate ili aziweke ukutani mwenyewe. Alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuvunja: hakumchora mtu kabla ya kula naye mara tatu. Alisema mara ya kwanza mtu anakula kwa adabu, na uso wa adabu hauna maana kuuchora. Basi alikula na mama. Alikula na Mama Zawadi, mwanamke wa Goma aliyesuka nywele kwenye saluni ya mtaa wetu. Alikula na Papa Eliya, Mrundi mlinzi, aliyeomba sala ndefu mpaka chakula kikapoa. Watu kumi kwa jumla, wote wa mitaa yetu, wote wa kutoka mbali. Aliwaambia wazi kwamba picha zitatundikwa na atakayependa atanunua. Wakaitikia. Kichwani mwao hakuna aliyeamini kwamba yupo mtu duniani atakayenunua uso wa msusi.

Kisha ukaja mwezi wa Mei ule.

Habari za wageni kupigwa na kuchomewa nyumba zilianzia Alexandra, upande mwingine wa mji, na kwa siku mbili tulijidanganya kwamba Alexandra ni mbali. Siku ya tatu Mama Zawadi alikuja mbio bila viatu akatutoa ndani, mama akiwa bado na tepu ya kupimia shingoni, akatupeleka kwenye uwanja wa kanisa alikokuwa ametutafutia nafasi. Tulilala humo wiki kadhaa chini ya hema. Sitaki kuyaeleza yote, waliokuwepo wanayajua. Nitasema moja tu. Kwenye foleni ya maji kulikuwa na mwanamke aliyekimbia Alexandra, na alirudia kila siku, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kwamba kabla washambuliaji hawajaja, mtu alipita mchana akatia alama kwenye milango ya wageni. Alama ndogo tu, alisema. Hata ungeiona usingeidhania kitu. Sijui kama ni kweli. Lakini nilipolala niliona alama kwenye kila kitu, kwenye hema, kwenye blanketi, kwenye mkono wa mama.

Tulirudi Bertrams. Mama alianza kufunga mlango kwa kiti, na watu wa uani wakawa wanaongea kwa kunong'ona hata wakiulizana bei ya nyanya. Madamu alimalizia picha zake. Mwenye jengo alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwaka awe amelipa kodi, na siku moja nilimsikia akimwambia mama, juu ya ndoo ile, "Hii ikishindikana, Mama Faida, narudi kwetu kuchora minazi." Mama akamwambia asiseme maneno hayo. Akasema, "Ukienda, mimi nitaongea na nani?"

Maonyesho yalifunguliwa Ijumaa jioni. Hakuna hata mmoja wa waliochorwa aliyekwenda, kwa kuwa miezi ile hatukutoka giza likikaribia. Jumamosi asubuhi mama alinituma dukani, nikapita kwa mikate, nikaweka uso kwenye kioo. Mama alikuwa ukutani, ameinamia cherehani, na mwanga umemwangukia shavuni. Nilifurahi. Halafu nikaona chini ya picha, kwenye ukuta mweupe, kidoti chekundu, kidogo kama kitufe cha shati. Nikaangalia picha nyingine. Mama Zawadi alikuwa nacho. Wengine wawili walikuwa nacho. Papa Eliya hakuwa nacho. Na katikati ya chumba alisimama mzungu, kalamu mkononi, akiandika kwenye daftari wakati Madamu anamsomea kitu.

Sikununua nilichotumwa. Nilikimbia, na saluni ilikuwa karibu kuliko nyumbani, kwa hiyo aliyenisikia kwanza ni Mama Zawadi.

"Faida, kuya hapa. Umeona nini? Sema polepole."

Nikasema. Mikono yake ikasimama kwenye kichwa cha mteja. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeniambia nyamaza. Mtu akanipisha kiti, mwingine akanipa soda nzima, baridi, ya kwangu peke yangu. Nikasimulia mara ya pili kwa walioingia, na mara ya tatu. Mimi ambaye shuleni niliitwa kwerekwere, tusi lao kwa wageni, na nyumbani niliambiwa sogea unaziba mwanga, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha wateja na wanawake watu wazima wananitazama mdomo.

Mpaka hapo ningeweza kujisamehe. Mtoto aliogopa.

Jumatatu baada ya shule nilipita tena kwa mikate, nusu kwa woga nusu kwa umbea. Madamu aliniona kupitia kioo akanifungulia mlango. Alikuwa na furaha, uso wake wote ulikuwa umefunguka. Nikamuuliza vidoti vile ni vya nini. Akachuchumaa tuwe sawa, akaniambia pole pole, kwa Kifaransa cha mtoto, kwamba ndivyo wanavyofanya wauza picha wote. Picha ikipata mwenyewe unaibandikia kidoti, ili mtu mwingine asiidai. Maonyesho yakiisha, mwenyewe anakuja kuichukua. Ndiyo maana wanaandika anwani, ili picha ijue inakwenda wapi.

"Mama yako na Mama Zawadi wanakwenda kukaa kwenye sebule ya daktari wa meno," akasema. "Na leo Papa Eliya amepata mtu pia. Unataka kumbandikia wewe?"

Akanipa karatasi ya stika. Nikabandua kimoja, nikakibandika chini ya Papa Eliya, kikakaa upande kidogo, akasema hakuna neno, kipo sawa. Akanipa kitumbua.

Nilikula kile kitumbua njiani huku nikielewa kila kitu. Ninaandika hivi ili nisijipe mwanya wa kutoroka. Nilielewa. Na nilipofika mbele ya saluni, Mama Zawadi alikuwa mlangoni na wanawake wengine, akaniita, "Faida, umepita kule? Umeona nini tena?" Kiti kilikuwa tayari.

Nikasema Papa Eliya naye ametiwa alama leo.

Ilikuwa kweli, unaona. Sikudanganya neno. Sikusema tu ni nani aliyeitia. Halafu mmoja akauliza yule mzungu aliandika nini, nikasema majina ya barabara zetu. Hapo nilidanganya. Lilitoka lenyewe, na lilipotoka wote walivuta pumzi pamoja, na mimi nikajihisi mkubwa.

Wiki nzima habari ilikua bila msaada wangu. Kufikia Alhamisi vidoti vilikuwa vimeonekana kwenye geti la uani, kwenye gari la mkaa, wapi sijui. Mama alishona tu, na watu walipoingia kumuuliza, alisema ana kazi nyingi. Mimi nilidhani amemkasirikia Madamu, na sikuweza kumwangalia.

Jumamosi saa sita mchana walikwenda kwa mikate wote kumi, Mama Zawadi na Papa Eliya mbele, mama nyuma kabisa, na mimi nimeshikwa mkono na Mama Zawadi kama shahidi. Madamu alifikiri wamekuja kutazama. Alifungua mlango wote na kuanza kutafuta viti.

"Madamu, hatukuja kugombana," Papa Eliya akasema. "Mimi nimeshakimbia mara mbili katika maisha. Ya tatu sitaki. Tumekuja kuchukua sura zetu."

Madamu akawaeleza. Aliwaeleza vizuri, kwa utulivu, akigusa kidoti kimoja kimoja. Picha imepata mwenyewe, basi.

"Mwenyewe nani?" Mama Zawadi akauliza. "Anakaa wapi? Juu ya nini anataka uso yangu?"

"Ni daktari wa meno. Aliipenda."

"Daktari wa meno anipendee nini mimi? Hata meno yangu hajaona."

Kwa wakati mwingine wangecheka. Mtu akauliza kuhusu yule aliyeandika majina ya barabara. Madamu akashangaa, akauliza nani amewaambia hivyo, na nyuso zote zikashuka kwangu. Nikamwona akipumua. Alidhani ameokoka.

"Muulizeni huyo," akasema. "Nilimweleza Jumatatu. Hiki cha Papa Eliya alikibandika yeye mwenyewe kwa mkono wake."

Mama Zawadi aliuachia mkono wangu. Kutoka nyuma mama akapita katikati ya watu, akasimama mbele yangu, akanishika kidevu.

"Faida. Madamu alikuelezea?"

Nilimtazama mama, nikawatazama watu kumi walionisikiliza wiki nzima. Nikaona kiti cha saluni kikiondolewa.

"Hapana, mama."

Madamu alinitazama, halafu akamtazama mama kwa muda mrefu zaidi. Kisha akavuta ngazi, akaanza kuteremsha picha moja moja, akampa kila mtu yake. Ya mama alimpa mwisho, kwa mikono miwili. Tulitoka barabarani kila mmoja amebeba uso wake, na madereva wa teksi walisimama kwenye robot ikiwa kijani wakitushangaa.

Walionunua walikasirika, na neno likaenda huko kaskazini kwamba yule mama wa Bertrams anauza picha asizoweza kuzitoa. Kabla ya Krismasi jengo lilikuwa la kuuza matairi. Siku ya kuondoka alikuja uani. Nilimwona kupitia dirishani, nikajificha nyuma ya nguo za wateja. Aligonga mara tatu, mama aliacha kukanyaga cherehani mpaka hatua zake zilipokwisha, na hakufungua. Picha ikakaa nyuma ya kabati, imegeuzwa ukutani. Hakuna aliyekuja kutushambulia mwaka ule, na saluni walisema ni kwa sababu tuliwahi kuchukua sura zetu.

Siku ile ya harufu ya rangi ngazini, nilipobaki peke yangu kitandani, nilimtafuta Madamu kwenye simu kwa mara ya kwanza. Sikuwa nimethubutu kabla ya hapo. Ni mzee sasa. Ana galari Martiniki, katika mji uleule alikoandika vibao, anaonyesha kazi za vijana na zake mwenyewe. Hakurudi kwenye minazi. Anachora watu, sokoni, kanisani, kwenye foleni. Nilipitisha kidole picha baada ya picha nikitafuta uso. Wote wamegeuka. Miaka yote hii anachora migongo na visogo.

Nikainuka, nikapanda teksi mpaka Bertrams. Mama bado yuko chumba kile, cherehani mpya, dirisha lilelile. Nilikuwa nimejiandaa kulia, na kwa kweli nilikuwa nimejiandaa kusamehewa pia. Nikamwambia yote, kuanzia Jumatatu ile, stika, kitumbua, uongo wa barabara, na ile hapana.

Hakuinua kichwa kutoka kwenye pindo. "Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua vidoti ni vya nini. Madamu alikuya hapa Jumapili, wewe ukiwa nje, kabla hajakueleza wewe, mwenye furaha, kunieleza picha yangu imepata mwenyewe. Alinieleza yote."

Nilimwuliza kwa nini basi hakuwaambia watu, wiki nzima, watu wanaingia na kutoka humu ndani.

"Mama Zawadi ndiye alikuya kututoa mwezi wa tano, bila viatu. Ningemwambia mbele ya watu kwamba ni mujinga? Na kesho ikianza tena, nani atagonga kwangu?" Akakata uzi kwa meno. "Nikasema, ngoja nimuulize mutoto. Mutoto ataisema, mimi nitakuwa sikusema. Nilikushika kidevu nikaomba Mungu uiseme."

Nikamwambia, mama, mimi ndiye niliyedanganya. Nikamwambia anisamehe.

"Wewe nilikusamehe siku ileile, ulikuwa mutoto," akasema, na sasa ndipo akanitazama. "Mimi nilikuwa nani?"